Ankara ya maji imepanda? Chunguza kwanza tangi la choo

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

KATIKA nyumba nyingi za kupanga mijini Mbeya na Iringa, wapangaji wanne au watano hutumia dira moja ya maji na kugawana ankara kila mwisho wa mwezi. Ankara inapopanda ghafla, lawama huanza. Huyu husemwa kuwa anafua kila siku, yule kuwa ana wageni wengi, na mwingine kuwa anamwagilia bustani ya mchicha. Ni nadra mtu kukumbuka kuinua kifuniko cha tangi la choo.

Hata hivyo, tangi hilo ni miongoni mwa vifaa vichache ndani ya nyumba vinavyoweza kuvuja usiku na mchana, kwa miezi kadhaa, bila kuonekana tone lolote sakafuni. Bomba la jikoni likivuja, sauti husikika na sinki huonekana limelowa. Tangi la choo likivuja, maji huteremka kimya kwenye ukuta wa sinki la choo na kuishia shimoni au katika mfumo wa majitaka.

Habari njema ni kwamba uvujaji wa aina hii hubainika kwa vipimo vitatu visivyohitaji fundi wala fedha, na mara nyingi chanzo chake ni kipande kidogo cha raba kilichochakaa. Anayevifanya vipimo hivyo kabla ya kumlaumu jirani, kwenda kulalamika katika ofisi za mamlaka ya maji au kununua choo kipya, hujiokoa na gharama na ugomvi.

Hasara isiyosikika

Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia hifadhi ya mazingira, EPA, hueleza kuwa choo kimoja kinachovuja kinaweza kupoteza galoni 200 au zaidi kwa siku, ambazo ni zaidi ya lita 750. Hicho ni kiwango cha uvujaji mkubwa, lakini hata ule mdogo huwa na uzito unapojumlishwa kwa mwezi.

Hesabu yake si ngumu. Tangi ambalo ndani lina urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 15 hupoteza zaidi ya nusu lita, yaani lita 0.6, kila kina cha maji kinaposhuka kwa sentimita moja. Iwapo kina hicho hushuka sentimita moja kila baada ya dakika 10, choo hicho hupoteza lita 3.6 kwa saa, zaidi ya lita 86 kwa siku, na takriban lita 2,600 kwa mwezi wa siku 30.

Kwa lugha ya ndoo, hizo ni ndoo 130 za lita 20. Kwa lugha ya ankara, ni uniti mbili na nusu na zaidi kidogo, kwani uniti moja ni lita 1,000. Kinachobaki ni kuzidisha idadi hiyo kwa bei ya uniti iliyoandikwa kwenye ankara, kisha kulinganisha na bei ya raba dukani.

Kwa nyumba ambazo hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka, hasara haiishii kwenye ankara. Mbeya ina mabwawa ya kutibu majitaka katika eneo la Kalobe na Iringa ina mabwawa ya Don Bosco, lakini kaya nyingi katika miji yote miwili bado hutegemea mashimo yaliyochimbwa uani. Lita 86 za maji safi zinazoingia shimoni kila siku hulijaza kabla ya wakati wake, hasa katika miezi ya mvua ambapo ardhi imekwisha kushiba maji, na gari la kunyonya majitaka hulazimika kuitwa mapema.

Aidha, nyumba zinazotegemea simtanki kwa sababu ya mgawo hupata adha nyingine. Simtanki lililojaa jioni linaweza kukutwa limepungua sana alfajiri ilhali hakuna aliyeoga wala kufua.

Tangi linavyofanya kazi

Tangi la choo lina milango miwili, mmoja wa kuingizia maji na mwingine wa kutolea. Uvujaji karibu wote unaoingia kwenye sinki husababishwa na mmojawapo kutofunga sawasawa.

Mlango wa kuingizia ni valvu inayoendeshwa na boya. Maji yanapojaa, boya hupanda na kuifunga valvu. Katika matangi ya zamani boya ni tufe lililo kwenye ncha ya mkono wa shaba au plastiki. Katika matangi mapya ni kikombe cha plastiki kinachopanda na kushuka kando ya mrija uliosimama.

Mlango wa kutolea uko katikati ya sakafu ya tangi. Katika matangi ya kishikio huzibwa na kifuniko cha raba kinachovutwa juu kwa mnyororo mdogo. Katika matangi ya vitufe viwili, kimoja cha maji machache na kingine cha maji mengi, tundu hilo huzibwa na mnara wa plastiki wenye pete ya raba chini yake.

Kati ya milango hiyo kuna mrija wa maji ya ziada, ambao katika matangi ya vitufe huwa ni sehemu ya mnara wenyewe. Kazi yake ni kuyapeleka maji kwenye sinki iwapo valvu ya boya itashindwa kufunga, ili tangi lisifurike na kulowanisha sakafu. Mrija huo huikinga nyumba na mafuriko, lakini pia huificha hitilafu, kwani maji yanayopita humo hayaonekani na mtu asiyefungua kifuniko.

Vipimo vitatu

Kipimo cha kwanza ni cha macho na masikio. Usiku nyumba ikiwa kimya, mtu asimame chooni na kusikiliza iwapo kuna mlio mwembamba wa maji yanayoingia. Kisha afungue kifuniko cha tangi, akiweke mahali pasipo na hatari ya kuanguka kwa kuwa cha kauri huvunjika kirahisi, na kutazama kina cha maji. Maji yanatakiwa kukomea takriban sentimita 2.5 chini ya mdomo wa mrija wa ziada. Yakiwa yanaugusa mdomo huo na kumwagikia ndani, mlango wa kuingizia ndio wenye kasoro.

Kipimo cha pili ni cha rangi. Kikombe cha chai ya rangi iliyokolea sana na kupoa, bluu kidogo ya kufulia iliyokorogwa kwenye maji, au rangi ya chakula, humiminwa ndani ya tangi lililojaa. Choo kisitumike kwa dakika 30. Rangi ikionekana kwenye sinki kabla ya mtu kuvuta maji, basi tangi linavuja. Kwa choo cha kuchuchumaa chenye tangi la plastiki lililofungwa ukutani, rangi hutazamwa kwenye mdomo wa nyuma wa sinki, mahali maji yanapotokea.

Kwa uvujaji mdogo sana, ukuta wa nyuma wa sinki hukaushwa kwa kitambaa, kisha karatasi ya chooni iliyo kavu hubandikwa hapo. Karatasi ikilowa kwa mstari kutoka juu kwenda chini, jibu limepatikana.

Kipimo cha tatu ndicho kinachoonyesha ni mlango upi mbovu. Koki iliyo chini au kando ya tangi hufungwa, na mstari mwembamba wa penseli huchorwa kwenye ukuta wa ndani wa tangi usawa wa maji. Baada ya nusu saa, maji yanaweza kuwa katika mojawapo ya hali tatu.

Yakiwa palepale kwenye mstari na chini ya mdomo wa mrija, mlango wa kutolea ni mzima. Yakiwa yalikuwa yakimwagika mrijani na sasa yamekomea kwenye mdomo wake bila kushuka zaidi, valvu ya boya ndiyo inayoingiza maji kupita kiasi. Yakishuka chini ya mdomo wa mrija na kuendelea kushuka, yanapita kwenye raba ya chini au, kama sakafu nayo imelowa, kwenye ufa au kiungo cha tangi.

Mwenye dira anaweza kuthibitisha kwa kufunga mabomba yote ya nyumba na kutazama kigurudumu kidogo kilicho kwenye uso wa dira. Kikizunguka, kuna mahali maji yanatoka. Hata hivyo kipimo hiki kina mipaka miwili. Katika nyumba inayopata maji kupitia simtanki, dira huzunguka tu pale simtanki linapojazwa, hivyo ni lazima lisubiriwe lijae. Pia mtiririko mwembamba mno huenda usitoshe kuzungusha dira. Kwa sababu hiyo, dira kutulia si ushahidi kuwa choo ni kizima, na kipimo cha rangi hakipaswi kuachwa.

Maji yakipitia juu

Maji yanapomwagikia kwenye mrija wa ziada, hatua ya kwanza ni kuinua boya taratibu kwa mkono hadi juu. Mlio ukikoma, valvu ni nzima na boya tu ndilo limewekwa juu mno. Mlio ukiendelea, valvu yenyewe haifungi.

Kushusha boya hutegemea aina yake. Boya la mkono wenye skrubu hurekebishwa kwa bisibisi. Mkono wa shaba usio na skrubu unaweza kukunjwa kidogo kuelekea chini kwa mikono miwili, mmoja ukiishika sehemu iliyo karibu na valvu ili nguvu isiihamie valvu. Mkono wa plastiki haukunjwi kwa sababu hukatika. Boya la kikombe huwa na skrubu ndefu au kibanio pembeni cha kulishushia.

Boya lenyewe nalo litikiswe. Likisikika maji ndani yake, limetoboka na haliwezi kupanda ipasavyo. Dawa yake ni kulibadili. Kulifunga mfuko wa plastiki kunaweza kusaidia kwa siku moja au mbili tu wakati mwenye nyumba akitafuta jingine.

Iwapo valvu haifungi hata boya likiwa juu, koki hufungwa na maji huvutwa ili tangi libaki tupu. Katika valvu ya mkono, pini inayoushikilia mkono huchomolewa, kipande cha ndani hutolewa, na washa ndogo ya raba iliyo mwishoni mwake hutazamwa. Ikiwa na alama ya duara iliyozama, imechakaa. Katika valvu ya kikombe, kofia ya juu huzungushwa na kufunguliwa, na chini yake huwa kuna kiwambo cha raba.

Kabla ya kununua chochote, kiwambo au washa hiyo ioshwe na tundu lake lisafishwe. Katika valvu ya kikombe, kofia ikiwa imeondolewa, kikombe cha kawaida hufunikwa juu ya tundu na koki kufunguliwa kwa sekunde chache ili maji yasukume nje mchanga ulionasa. Mara nyingi chembe moja ya mchanga ndiyo iliyokuwa ikiizuia raba kukaa.

Maji yakipitia chini

Maji yanaposhuka chini ya mstari wa penseli bila kulowanisha sakafu, lawama hurejea kwenye kifuniko cha raba. Kwanza utazamwe mnyororo. Ukiwa umekazwa mno, huinua raba kidogo wakati wote. Ukiwa mrefu mno, hunasa chini ya raba na kuacha upenyo. Mnyororo unaofaa hulegea kwa takriban sentimita moja pale kishikio kinapokuwa kimetulia.

Mnyororo ukiwa sawa, kifuniko hubonyezwa chini taratibu kwa kijiti huku maji yakiwa tangini. Uvujaji ukikoma, raba imekakamaa au imejikunja na inatakiwa kubadilishwa. Usipokoma, tatizo liko kwenye mdomo ambao raba huukalia.

Kazi ya kubadilisha raba huchukua dakika chache. Koki hufungwa, maji huvutwa, masikio mawili ya raba huchomolewa kwenye vishikizo vilivyo pembeni ya mrija wa ziada, na mnyororo hunasuliwa. Kidole hupitishwa kuuzunguka mdomo wa tundu ili kuhisi kama kuna uchafu, chokaa au jeraha. Uchafu huondolewa kwa kitambaa. Ukwaruzo mdogo hulainishwa kwa msasa laini sana uliolowekwa maji. Mdomo uliopasuka hautibiki kwa msasa, na hapo valvu yote ya chini hubadilishwa.

Raba inayoacha weusi kama masizi kwenye vidole imekwisha kuoza, hata kama bado inaonekana nzima kwa macho.

Kwa matangi ya vitufe, mnara wa plastiki hushikwa, huzungushwa takriban robo mzunguko na kuinuliwa. Pete ya raba iliyo chini yake husafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Baadhi ya pete zinaweza kugeuzwa upande wa pili na kutumika kwa muda zaidi. Iliyolika hubadilishwa. Vitufe navyo vikaguliwe, kwani kitufe kilichokwama chini hufanya kazi sawa na mnyororo uliokazwa.

Jambo moja huokoa safari za bure kwenda dukani. Vipuri vya matangi hutofautiana kwa vipenyo na maumbo, na vingi katika soko ni vya kutoka nje na havilingani hata vikifanana kwa sura. Anayekwenda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwanjelwa au ya katikati ya mji wa Iringa aende na kipande kibovu mkononi, akilinganishe kwenye kaunta kabla ya kulipa.

Matangi ya zamani na somo la Uingereza

Katika baadhi ya majengo yaliyojengwa enzi za ukoloni wa Waingereza au kwa mtindo wao, tangi huwa limefungwa juu ukutani na huvutwa kwa mnyororo mrefu. Tangi la aina hiyo kwa kawaida halina kifuniko cha raba chini. Lina sifoni, yaani bomba lililopinda ambalo maji ni lazima yapandishwe juu yake kwa nguvu ya mvuto ndipo yateremke.

Kwa kuwa hakuna raba ya kuyazuia maji chini, sifoni haivuji kimya kuelekea kwenye sinki. Inapochakaa hufanya kinyume chake, yaani mtu huvuta mara tatu ndipo maji yatoke, na hapo utando wa plastiki ulio ndani yake huwa umepasuka. Tangi la namna hii likimwaga maji bila kuvutwa, kinachotakiwa kuchunguzwa kwanza ni valvu ya boya.

Uingereza ililazimisha matumizi ya sifoni kwa miongo mingi, mahsusi kwa ajili ya kuzuia upotevu wa maji. Kanuni mpya za mwaka 1999 zilifungua njia kwa matangi ya valvu kutumika kuanzia Januari 2001. Tangu hapo uvujaji wa vyoo umekuwa hoja inayorudiwa katika kampeni za kubana matumizi ya maji nchini humo, ambako hukadiriwa kuwa choo kinachovuja hupoteza lita 200 hadi 400 kwa siku. Matangi mengi yanayouzwa madukani Tanzania hivi leo nayo ni ya valvu. Hutumia maji machache zaidi kwa kila mvuto, lakini humdai mwenye nyumba ukaguzi wa mara kwa mara.

Maji yanapoonekana sakafuni

Unyevu sakafuni haumaanishi kila mara kuwa tangi limepasuka. Sehemu zote hukaushwa, kisha karatasi kavu hupitishwa kuanzia juu kwenda chini: kwenye koki, kwenye mpira wa kuunganishia, kwenye nati iliyo chini ya tangi, kwenye bolti zinazolishikiza tangi kwenye sinki, na mwisho kwenye kitako cha sinki. Mahali pa juu kabisa panapoilowanisha karatasi ndipo penye chanzo, kwani maji husafiri kuelekea chini na kudondoka mbali na yalikoanzia.

Kiungo cha koki hufunguliwa, nyuzi zake husafishwa na kuzungushiwa tepu nyeupe ya mabomba kwa kufuata upande nati inakokaziwa, kisha hukazwa upya. Mpira wa kuunganishia ulioanza kutoa kutu kwenye ncha au kuvimba haufungwi tepu. Hubadilishwa.

Bolti za tangi huwa na washa za raba kwa ndani. Zikazwe kidogo kidogo, upande huu kisha upande ule, kwa nguvu ya kiasi. Kauri haikunjiki, na spana ikizidishwa nguvu tangi hupasuka na kazi ya raba hugeuka kuwa ununuzi wa choo kizima. Maji yanayodondoka wakati wa kuvuta tu, na si wakati mwingine, hutokana na gasketi nene iliyo kati ya tangi na sinki. Kuibadili hulazimu tangi kuondolewa, kazi inayofaa kufanywa na watu wawili.

Kwa tangi la plastiki la ukutani, sehemu za kutazamwa ni nati kubwa ya chini na raba inayounganisha bomba la kushushia maji na sinki. Nati za plastiki hukazwa kwa mkono, kisha robo mzunguko tu kwa spana.

Baridi, presha na tope

Mazingira ya Nyanda za Juu Kusini huongeza mambo matatu yasiyopaswa kusahaulika.

La kwanza ni baridi. Mwezi Juni na Julai, maji ya bomba huwa baridi sana, na katika nyumba ambazo choo na bafu viko chumba kimoja, mvuke wa maji ya moto ya kuogea huganda juu ya tangi na kudondoka kama jasho. Namna ya kutofautisha ni kutumia ile rangi ya kipimo cha pili: matone yakiwa meupe ilhali maji ya tangini ni ya bluu, ni jasho na si ufa. Dirisha likifunguliwa baada ya kuoga, hali hiyo hupungua.

La pili ni presha. Miji yote miwili imejengwa kwenye miinuko na mabonde. Iringa imekaa juu ya kilima na hupata maji yaliyosafishwa kutoka Mto Ruaha Mdogo, ambayo husukumwa kwa pampu kupanda mjini. Mbeya iko katika bonde chini ya Mlima Loleza na kwa sehemu kubwa imekuwa ikitegemea chemchemi na vijito vya milimani. Nyumba zilizo chini hupata msukumo mkubwa kuliko zilizo juu, na msukumo huo huongezeka usiku matumizi yanapopungua. Ndiyo maana valvu iliyochoka inaweza kufunga vizuri mchana na kuachia maji saa nane za usiku.

La tatu ni tope. Katika msimu wa mvua, ambao katika mikoa hii huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kila maji yanaporejea baada ya kukatika, mabomba huweza kuleta mchanga na kutu. Ni vyema bomba la uani lifunguliwe kwanza hadi maji yatakate, ndipo choo kitumike.

Mambo ya kuepuka

Vidonge vya klorini vinavyotumbukizwa ndani ya tangi huharakisha kukakamaa kwa raba. Dawa ya kusafishia iwekwe kwenye sinki na kusuguliwa kwa brashi.

Tofali linalowekwa tangini kwa nia ya kupunguza maji humeguka, na chembe zake huishia kwenye raba. Anayetaka kupunguza maji atumie chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kufungwa, ikiwekwa mbali na boya na mnyororo.

Ufa kwenye tangi la kauri usizibwe kwa saruji au gundi kwa matumaini ya kudumu. Ufa hurefuka, na tangi likiachia usiku, maji hayatakoma hadi koki ifungwe.

Nyumba isiyo na koki ya tangi ifungiwe moja. Bila hiyo, kila matengenezo madogo hulazimu maji ya nyumba nzima kukatwa, na hitilafu kubwa ikitokea hakuna mahali pa karibu pa kuizuia. Anayesubiri kipuri anaweza kufunga koki hiyo na kuifungua pale tu tangi linapotakiwa kujazwa.

Fundi, mpangaji na mamlaka

Fundi bomba anatakiwa kuitwa pale tangi linapokuwa na ufa, mdomo wa tundu la chini umepasuka, maji yanatoka chini ya kitako cha sinki, au bomba lililo ndani ya ukuta limelowanisha plasta. Ufundi bomba ni fani inayofundishwa katika vyuo vya VETA. Mwenye nyumba aliyekwisha kufanya vipimo vitatu humweleza fundi tatizo kwa usahihi, na si rahisi kuuziwa tangi jipya kwa hitilafu ya washa.

Kwa utaratibu wa kawaida wa huduma ya maji, miundombinu iliyo kabla ya dira ni jukumu la mamlaka na iliyo baada ya dira ni jukumu la mteja. Maji yaliyopita kwenye dira na kuishia chooni huhesabiwa kuwa yametumika. Mteja anayeamini dira yake ina kasoro anaweza kuiomba mamlaka iikague, na asiporidhika kulifikisha lalamiko lake EWURA, ambayo ni mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Lakini lalamiko lina nguvu zaidi likiambatana na kumbukumbu za usomaji wa dira kwa siku kadhaa, nyumba ikiwa imethibitishwa kuwa haivuji.

Kwa wapangaji, ni busara makubaliano yafanyike mapema kuhusu nani hununua vipuri vya choo cha pamoja. Mara nyingi kila mmoja humsubiri mwenzake au mwenye nyumba, na wakati huo maji yaliyopotea huwa yamezidi bei ya kipuri chenyewe. Kusoma dira usiku kabla ya kulala na alfajiri kabla ya bomba la kwanza kufunguliwa, mbele ya watu wawili, humaliza ubishi mwingi.

Baada ya matengenezo, tangi lijazwe upya na kipimo cha rangi kirudiwe. Dakika 30 zikipita na sinki likabaki na maji meupe, kazi imekamilika. Kipimo hicho kikirudiwa kila baada ya miezi sita, hasa mvua zinapokwisha, raba iliyochoka itagundulika kabla ankara haijaonyesha.